Jiko la kuni lililochakaa: kipi kikarabatiwe na kipi kibadilishwe

Jiko la kuni huchakaa polepole, kiasi kwamba mwenye jiko huwa wa mwisho kujua. Ufa mwembamba hujitokeza kwenye udongo wa ndani, ufa huo hupanuka ukawa pengo, vyuma vya kukalia kuni hupinda kidogo kidogo, bati la nje huanza kuliwa na kutu karibu na sakafu, na siku moja mtu hutambua kwamba mzigo wa kuni uliokuwa ukitosha wiki nzima sasa unakwisha siku ya tano. Hapo ndipo swali la kukarabati au kubadilisha linapoingia nyumbani. Hapa Igoma, Mwanza, nimeona likijibiwa kwa haraka mno na pande zote mbili. Wapo wanaokandika udongo juu ya udongo hadi mdomo wa jiko unabaki tundu lisilopitisha hata ukuni mmoja mnene, na wapo wanaouza jiko zima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ilhali kilichokufa ndani yake ni sehemu moja tu, nayo si ya gharama kubwa.

Nimepika kwa kuni miaka mingi, nyumbani na kwenye kibanda cha chakula jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ambako jiko huwashwa kabla ya alfajiri na halipoi mpaka wateja wa mchana waondoke. Katika muda huo nimekarabati majiko yaliyostahili kuachwa, na nimeacha mengine ambayo yangeweza kutumika miaka zaidi. Msimamo nilioupata ni kwamba jiko lisihukumiwe kwa ujumla wake. Kila sehemu ina namna yake ya kuharibika na kila namna ya kuharibika ina tiba yake, hivyo ulinganisho wenye manufaa ni ule unaokwenda sehemu kwa sehemu, kuanzia pale moto unapogusa na kutoka nje.

Ninazungumzia hasa jiko banifu la kuhamishika, lile lenye gamba la chuma kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani, kwa kuwa ndilo lenye sehemu zinazoweza kutolewa na kurudishwa. Jiko la udongo lililojengwa jikoni na jiko kubwa la taasisi nitayagusa baadaye, kwa sababu hukumu yake ni tofauti.

Chungu cha ndani

Sehemu hii naiita chungu cha ndani, kwa kuwa hufinyangwa na kuchomwa kama chungu, na ndiyo moyo wa jiko. Kazi yake ni kuzuia joto lisikimbilie kwenye gamba, ili moto ubaki mkali kiasi cha kuunguza hata moshi wenyewe kabla haujafika kwenye sufuria. Chungu kikitoboka au kumeguka, joto huvuja pembeni, moto hupoa, moshi huongezeka, na gamba la nje ambalo halikukusudiwa kukutana na miali huanza kuungua. Ndiyo maana ninaposhauri mtu mwenye fedha kidogo, humwambia azitumie hapa kabla ya mahali pengine popote.

Si kila ufa ni ugonjwa. Uso wa ndani wa chungu hupata joto kali na kutanuka huku uso wa nje ukiwa bado na joto la chini, kwa hiyo karibu kila chungu kitapata ufa mmoja au miwili katika miezi ya kwanza ya matumizi. Ufa wa namna hiyo, ikiwa ni mwembamba na pande zake hazichezi unapozibonyeza kwa kidole, unaweza kuachwa ulivyo. Ufa unaopaswa kuogopwa ni ule unaopita kutoka ndani hadi nje. Njia rahisi ya kuutambua ni kungoja usiku, kuwasha moto mdogo, kuzima taa na kuangalia jiko kwa pembeni na chini: mahali penye mwanga pana njia ya joto. Njia nyingine, ikiwa chungu kinatoka, ni kukigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia kama chungu cha maji kilichochomwa vizuri, na kilichopasuka hutoa sauti ya kufa.

Sasa tulinganishe. Kukandika hakuna gharama ya fedha, hufanyika nyumbani, na hakuhitaji fundi. Gharama yake ni muda, kwa kuwa kiraka cha udongo kinachokaushwa ipasavyo huhitaji siku kadhaa kivulini kabla ya kukutana na moto, na udhaifu wake mkubwa unatokana na tabia ya udongo wenyewe. Udongo mbichi husinyaa unapokauka, lakini udongo wa chungu uliokwisha kuchomwa hausinyai tena. Kwa hiyo kiraka hujivuta kutoka kwenye kuta zake, kikaacha mstari mwembamba kuzunguka, na baada ya wiki chache huanguka kikiwa kizima kama kifuniko. Mara nyingi watu hulaumu mkono wa mkandikaji, na kosa linakuwa kwenye mchanganyiko.

Mchanganyiko unaodumu hupunguza udongo mbichi na kuongeza kitu ambacho kimekwisha kuungua. Kitu bora ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikipondwa kwenye kinu cha zamani hadi viwe kama chenga za mahindi, kisha sehemu mbili za vigae zichanganywe na sehemu moja ya udongo na maji kidogo kadiri inavyowezekana. Kingo za pengo zichimbwe ziwe pana kwa ndani kuliko kwa nje, ili kiraka kishikwe na umbo lake, na zilowanishwe vizuri kabla ya kukandikwa, kwa kuwa kigae kikavu hunyonya maji ya kiraka na kukifanya kikauke upande mmoja kabla ya mwingine. Ikiwa pengo ni kubwa, ni afadhali kukandika tabaka mbili nyembamba kwa siku tofauti kuliko moja nene.

Kuhusu aina ya udongo, ukanda wetu una mtego wake. Udongo mweusi wa mbuga, ambao umejaa katika mabonde ya Usukumani na unaoonekana laini na wenye kunata, haufai kabisa kwa kazi hii, kwa maana ndio unaovimba sana ukipata maji na kupasuka sana ukikauka. Anayetaka ushahidi aangalie nyufa za mashamba ya mpunga mwezi wa Agosti. Udongo wa kichuguu ni bora zaidi, na bora kuliko wote ni ule wanaoutumia wafinyanzi wenyewe. Mchanga wa ufukweni nao unahitaji tahadhari, kwa kuwa mara nyingi una vipande vya makombe ya konokono. Makombe hayo yakiungua sana hugeuka chokaa, na chokaa hiyo ikipata unyevu baadaye huvimba na kurusha vipande vya udongo kutoka ukutani.

Saruji ya kawaida ya ujenzi ni kosa ninaloliona kila mwezi. Inashika vizuri siku ya kwanza, inapendeza macho, na mtu huamini amemaliza tatizo. Lakini uimara wa saruji unategemea maji yaliyofungwa ndani yake wakati wa kuganda, na joto likifika nyuzi 400 hadi 500 za selsiasi maji hayo hutolewa na saruji hugeuka unga. Ndani ya jiko la kuni joto hilo hupitwa kwa urahisi. Vilevile mawe ya vilima vyetu, yale ya matale yaliyolipa jiji la Mwanza sura yake, hayafai kuwekwa ndani ya jiko kama kuta. Matale yana chembe nyingi za madini ya kwazi (quartz), na kwazi hubadili umbo lake na kutanuka ghafla ifikapo nyuzi 573, jambo linaloweza kulifanya jiwe lirushe vipande. Wapishi wa mafiga wanalijua hilo kwa uzoefu, ndiyo maana mafiga yaliyokwisha kuzoea moto hayatupwi ovyo.

Kubadilisha chungu chote hugharimu fedha, tena mara nyingi pamoja na safari ya kwenda kwa mfinyanzi na kungoja tanuri lichomwe. Hata hivyo chungu kipya hurudisha kitu ambacho kiraka hakiwezi kurudisha, nacho ni vipimo. Jiko la kuni la nyumbani lililoundwa kwa kanuni za kisasa huwa na njia ya moto yenye upana wa takriban sentimita 12 kwa 12, na upana huo unapaswa kuwa uleule kuanzia mdomo wa kuni hadi chini ya sufuria. Kuta zikiliwa, njia hupanuka na jiko linakula kuni. Zikikandikwa kupita kiasi, njia hubanwa na jiko linatoa moshi. Nilikuwa na jiko ambalo nililikandika mara tatu katika msimu mmoja wa masika, na kila mara lilirudi likitoa moshi zaidi ya mwanzo. Fundi aliyelitazama aliingiza mkono wake ndani, akaniambia, «Dada, huu udongo hauna tena pa kushika, na njia ya moto imebaki nusu. Ukikandika tena utaanguka tena.» Nilibadilisha chungu, na jiko hilo bado linatumika.

Anayekwenda kwa mfinyanzi apeleke vipimo vya gamba la jiko na si vipimo vya chungu kilichovunjika, kwa sababu chungu kibichi hupungua kinapokauka na tena kinapochomwa, na mfinyanzi ndiye anayejua udongo wake unapungua kiasi gani. Aombe nafasi ya unene wa kidole kati ya chungu na gamba, kisha nafasi hiyo ijazwe majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu huzuia joto vizuri sana na, tofauti na udongo ulioshindiliwa, huruhusu chungu kutanuka bila kusukumana na bati. Ikiwa mfinyanzi yuko tayari kuchanganya pumba za mpunga katika udongo, ambazo huku kwetu hazikosekani kwenye mashine za kukoboa, chungu kitakuwa chepesi na chenye vitundu vidogo vya hewa vinavyozuia joto zaidi. Ila pumba zikizidi chungu hukosa nguvu ya kubeba sufuria nzito, hivyo kwa jiko la biashara napendelea ziwe kidogo.

Uamuzi wangu katika sehemu hii ni kwamba ufa usiopenya uachwe, mmeguko wa juu juu ukandikwe mara moja kwa vigae na udongo, na chungu kibadilishwe pale ufa unapopenya na vipande kucheza, ukuta unapokuwa umeliwa nusu ya unene wake, au kiraka kilichokandikwa vizuri kinapoanguka mahali palepale kwa mara ya pili.

Vyuma vya kukalia kuni

Hapa watu hunyoosha vyuma vilivyopinda, huchomelea vilivyokatika, au hununua vipya, na tofauti ya gharama kati ya njia hizo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu malipo ya fundi wa kuchomelea hukaribiana na bei ya kipande cha nondo. Kwa hiyo mimi huegemea upande wa kubadilisha, lakini kwa sharti moja linalosahaulika.

Chuma cha kawaida kikifika wekundu hufanya magamba meusi juu yake, na kila magamba hayo yanapobanduka chuma kinakuwa kimepungua unene. Nondo ya milimita 8 iliyopinda ikipelekwa kunyooshwa itanyooka, lakini tayari ni nyembamba kuliko ilivyonunuliwa, na itapinda mapema zaidi. Nondo ya milimita 12 hudumu muda mrefu zaidi kwa nyongeza ndogo ya bei, na kwa jiko la kibanda ninatumia ya 16. Kuna pia chuma cha kumimina, kama kile cha ngoma za breki za magari, ambacho hustahimili joto kuliko nondo lakini hupasuka kikimwagiwa maji kikiwa chekundu, na hakichomelewi kwa urahisi na fundi wa mtaani. Anayepata kipande kinachoenea jikoni mwake akitumie mpaka kiishe, na kikipasuka asipoteze fedha kukiunga.

Sharti lenyewe ni namna ya kuviweka. Mafundi wengi huchomelea nondo kwenye fremu ncha zote mbili, na kazi huonekana imara. Nondo yenye urefu wa sentimita 20 ikipanda joto kwa nyuzi 600 hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, na ikiwa ncha zote zimefungwa haina pa kwenda ila kupinda. Ndiyo sababu wavu uliochomelewa vizuri mno hupinda kama mgongo wa paka ndani ya miezi michache, halafu lawama huenda kwa nondo. Mwambie fundi afunge ncha moja tu, au afanye fremu yenye mifereji ambayo nondo zinalazwa bila kuchomelewa kabisa, ili moja ikichoka itolewe yenyewe na nyingine zibaki. Hilo nalo hubadili ulinganisho wote, kwani badala ya kununua wavu mzima unanunua kipande cha nondo chenye urefu wa shubiri.

Majivu huua vyuma hivi haraka kuliko moto. Hewa inayopita chini ya wavu ndiyo inayoupoza, na majivu yakijaa hadi kuugusa, vyuma hukaa wekundu kutwa nzima bila nafuu. Kwenye kibanda, jiko huondolewa majivu kila asubuhi kabla ya kuwashwa, na tangu utaratibu huo uanze sijabadilisha nondo zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Gamba la nje na vishikio vya sufuria

Gamba ni sehemu ambayo ukarabati hushinda karibu kila mara. Likilindwa na chungu kizima halipati joto kali, na adui yake ni unyevu wa sakafu, mchuzi unaofurika na, kwetu sisi tunaopika samaki, maji ya chumvi. Kutu huanzia chini. Fundi bati anaweza kukata ukanda wote ulioliwa, akaunga bati jipya kwa riveti, na jiko likarudi kazini siku hiyohiyo. Nikilinganisha na bei ya jiko jipya, sioni sababu ya kulitupa gamba kwa kutu ya chini, hasa ikiwa fundi ataongeza miguu ya nondo ya kuliinua sentimita chache kutoka sakafuni, ambayo ndiyo tiba ya chanzo chenyewe.

Tahadhari iko kwenye bati la mabati, lile lenye ngozi ya zinki. Kwa chini na nje ya jiko halina ubaya, lakini lisitumike mahali popote ambapo miali inafika, kwa kuwa zinki huyeyuka kwa takriban nyuzi 420, na lisichomelewe kabla ngozi hiyo haijakwanguliwa, kwa sababu moshi mweupe unaotoka humpa fundi homa na kifua kubana. Kwa sababu hiyohiyo, wanaobanika samaki kwenye matanuri ya mialoni wasilaze samaki juu ya wavu wa mabati mpya. Wavu wa chuma cheusi au wa chuma cha pua ni salama zaidi kwa chakula.

Gamba likiwa limepinda kiasi kwamba mdomo wa juu si duara tena, hukumu hubadilika. Chungu kipya hakitakaa sawa ndani yake, kitabanwa upande mmoja na kulegea upande mwingine, na kitapasuka mapema. Kulirudisha gamba la bati jembamba kwenye duara lake ni kazi ngumu isiyo na uhakika, na hapo ndipo ninapokubali kuliacha.

Vishikio vya sufuria, vile vijino vitatu juu ya jiko, vibadilishwe mara vinapopinda, bila kungoja na bila kunyooshwa. Sufuria ya maharage yanayochemka ikiteleza hukutana na miguu ya mtoto aliyekaa karibu, na hakuna akiba ya fedha inayolingana na hilo. Fundi avichomelee kwa urefu uleule wa awali, kwa maana vikiwa vifupi sufuria hukaa juu ya mdomo na kuuziba moto, na vikiwa virefu joto hupita pembeni na kwenda zake.

Mikono ya kubebea na rangi ya nje si mambo ya kuchelewesha uamuzi.

Bomba la moshi

Wenye majiko yenye bomba wanajua kwamba kiwiko ndicho kinachotoboka kwanza, kwa kuwa hapo moshi hugeuka, masizi hutulia na unyevu hukaa. Nimeona viwiko vilivyozungushiwa matambara yaliyopakwa udongo, na vingine vilivyofungwa kwa vipande vya kopo na waya. Kiraka cha namna hiyo huziba moshi unaoonekana kwa siku chache, lakini hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu inayotokana na moto usioungua vizuri huendelea kupenya, tena hasa usiku milango ikiwa imefungwa. Bomba lililotoboka ndani ya nyumba libadilishwe, wala lisikandikwe.

Habari njema ni kwamba si lazima kubadilisha bomba lote. Likijengwa kwa vipande vinavyoingiliana, kiwiko hutolewa peke yake na vipande vilivyonyooka hubaki miaka mingi. Kila kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili lami ya moshi itiririke kwa ndani na kurudi motoni badala ya kuchuruzika ukutani. Kofia ya juu, inayozuia mvua, ni bati dogo tu, na kuikosa kwake katika masika moja hugharimu kiwiko kizima. Anayebadilisha kiwiko mwaka hadi mwaka aangalie pia kuni zake, kwani kuni mbichi hutoa mvuke na lami nyingi, na kuzikausha chini ya paa kwa miezi kadhaa ni nafuu kuliko bomba lolote.

Jiko lililojengwa, na jiko kubwa

Jiko la udongo lililojengwa jikoni halina vipuri, na kwa hiyo hakuna cha kulinganisha kwa undani: likarabatiwe kwa kukandikwa kila nyufa zinapotokea, kwa mchanganyiko uleule wa vigae na udongo, na tofali la mdomoni, ambalo hugongwa na kuni kila siku, lichomolewe na kuwekwa jingine la kuchoma. Jiko hilo likibomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka michache, gharama yake ni nguvu za mikono tu.

Majiko makubwa ya shule, hospitali, magereza na kambi ni jambo jingine, na hapa sheria imeshaamua sehemu kubwa ya ulinganisho. Serikali iliagiza taasisi zinazoandaa chakula kwa zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na zile kubwa zaidi, zinazolisha zaidi ya watu 300, zikapewa hadi tarehe 31 Januari 2025. Mwezi Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa mkuu wa taasisi ambaye bado ana jiko la kuni lenye chungu kilichovunjika, kununua vipuri vikubwa ni kuweka fedha mahali ambapo hazitarudi. Ninachoweza kumshauri ni kuondoa hatari tu, kama bomba linalovuja ndani au kishikio kilicholegea, na fedha nyingine zote zielekezwe kwenye gesi, umeme au mkaa mbadala.

Lini jiko zima libadilishwe

Kaya na mpishi mdogo wa kibanda bado wana uhuru wa kuchagua, na kwao ninatumia kipimo cha sehemu tatu: chungu, vyuma na gamba. Sehemu moja ikifa, nabadilisha hiyo. Mbili zikifa pamoja, nachukua bei ya vipuri na ufundi na kuiweka kando ya bei ya jiko jipya la ukubwa uleule. Gharama ikivuka nusu, naanza kutazama jipya. Gamba likipoteza duara lake, sihesabu tena.

Kabla ya kununua jipya, hata hivyo, lipimwe la zamani kwa haki. Kopa mizani, pima kuni kavu kabla ya kuchemsha lita tano za maji kwenye sufuria yenye kifuniko, kisha pima zilizobaki. Fanya hivyo kwa jiko lako na kwa jiko la jirani ambalo bado ni zima, siku moja, kwa kuni za mzigo mmoja na sufuria moja. Tofauti ikiwa ndogo, jiko lako halijafa, na huenda kilichobadilika ni kuni. Tofauti ikiwa kubwa, sasa unajua unachopoteza kila siku, na unaweza kukizidisha kwa siku za mwezi na kukilinganisha na bei ya chungu kipya.

Dukani, angalia kwanza kama chungu kinatoka. Majiko mengi yanayouzwa siku hizi yana chungu kilichofungwa kwa saruji ndani ya gamba, na muuzaji husifu uimara huo. Kwangu ni kasoro kubwa kuliko zote, kwa kuwa siku chungu kitakapopasuka hutaweza kukitoa bila kulivunja gamba. Ingiza mkono na upime kama wavu umechomelewa ncha zote mbili. Geuza jiko, utazame kama lina miguu. Jiko lenye rangi nzuri na lisilofunguka nitaliacha, nichukue lenye sura ya kawaida ambalo kila kitu chake kinatoka. Na kama hesabu ya kuni kwa mwezi imekaribia bei ya kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6, basi jipya la kununuliwa pengine si la kuni, walau kwa chai ya asubuhi na kupasha chakula, huku jiko la zamani likibaki kwa maharage na makande.

Kazi hizi zifanywe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wakati viraka vinakauka kivulini bila unyevu na wafinyanzi wanachoma vyungu vyao bila kuhofia mvua. Chungu kipya kikishawekwa na majivu kujazwa pembeni, kiachwe siku mbili bila moto. Jioni ya kwanza washa vijiti vichache tu kwa nusu saa bila sufuria, jioni ya pili ongeza kidogo, na jioni ya tatu pika chakula chepesi kwa moto wa wastani, ili maji yaliyojificha ndani ya udongo yatoke taratibu badala ya kugeuka mvuke na kuupasua. Kuanzia hapo kuni zisukumwe ndani kwa mkono bila kugonga ukuta wa nyuma, na makaa yanayobaki usiku yatolewe nje na kufunikwa kwa majivu, bila kumwagiwa maji yakiwa bado ndani ya jiko.